"Damu imepungua" sio ugonjwa mmoja jamani

Wiki hii nimeisikia tena mara nne, "dokta damu yangu imepungua, nakunywa bitiruti, rozela, maji ya matembele, lakini haipandi". Nikiuliza imepungua kwa sababu gani mtu ananishangaa, anaona damu ni damu tu, ikipungua unaongeza. Hapana. Upungufu wa damu ni dalili kama homa ilivyo dalili, kuna kitu kimeileta, na hicho kitu ndo kinatibiwa.

Chukua watu wawili niliowaona siku moja, wote damu 7. Wa kwanza dada, hedhi inamtoka siku nane, kucha zinakatika, kwenye pochi ana udongo wa pemba anatafuna hata akiwa kwenye foleni. Wa pili mzee wa sukari, anameza metfomini miaka mingi, ulimi mwekundu umekuwa laini kabisa, miguu ina ganzi mpaka kandambili inamvuka njiani hajui. Wote duka la dawa waliwapa fefo, vile vidonge vya chuma na foliki asidi (aina ya vitamini B), dozi ile ile.

Sasa kwenye karatasi ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, usiishie kusoma Hb, yaani ile namba ya wingi wa damu, shuka mpaka MCV, hiyo inakwambia ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida kwa mtu mzima ni 80 hadi 100. Dada alikuwa 66, chembe ndogo, zimepauka, chuma imemuishia, kwa hiyo fefo kwake ni sahihi. Mzee alikuwa 114, chembe kubwa kupita kiasi, na tulipopima vitamini B12 ilikuwa chini sana, maana metfomini ukiitumia muda mrefu inapunguza ufyonzwaji wake. Na hapa ndo roho inaniuma, kwa sababu ile foliki asidi iliyomo kwenye fefo inaweza kupandisha namba ya damu kidogo mkafurahi nyumbani kwamba mzee anapona, kumbe B12 bado hana na mishipa ya fahamu inazidi kuharibika, na ikiharibika muda mrefu ganzi nyingine hairudi tena hata umpe nini. Alihitaji sindano za B12. Miezi yote ile tungeiokoa kwa kusoma mstari mmoja tu.

Kwa hiyo tunaanza na ukubwa. Chembe ndogo, fikiria chuma kwanza, halafu thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Za kawaida, fikiria damu iliyotoka ghafla, magonjwa sugu, na figo, kwa sababu figo ndo inatoa homoni ya kuuamsha uboho, ule ulio ndani ya mifupa, utengeneze damu. Kubwa, fikiria B12, foliki, pombe, ini, na baadhi ya dawa. Halafu tunaangalia chembe changa, zile retikulosaiti, zikiwa nyingi ujue uboho unajitahidi ila damu inavunjwavunjwa au inamwagika mahali, zikiwa chache ujue shida ipo kwenye utengenezaji wenyewe.

Bitiruti na rozela zinaaminiwa kwa sababu ya wekundu, lakini ile ni rangi ya mmea. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1 ya chuma. Kula maini, nyama, dagaa. Na chai naomba sana, chai ya rangi pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini, iache ikae mbali na chakula na mbali na fefo angalau saa moja, hili nitalisema mpaka nistaafu.

Mtoto wa selimundu kupewa vidonge vya chuma kila siku "aongeze damu", hapana, mpaka kipimo kioneshe kapungukiwa chuma. Chembe zake zinavunjika ndani ya mwili na chuma yake inabaki humo humo, na kama ameshaongezewa damu mara nyingi inaweza kuwa imezidi. Anachopewa kila siku ni foliki asidi.

Eti damu ikipungua sana inageuka saratani ya damu. Haigeuki. Saratani ya damu ndo inaweza kuleta upungufu wa damu.

Safura nayo watu wanaiita kila upungufu wa damu. Safura ni minyoo, inang'ata utumbo inanyonya damu, ukijaza chuma bila kuitoa unajaza ndoo iliyotoboka.

Halafu kuacha dawa namba ikipanda. Hb ikifika 12 ghala la chuma bado tupu, endelea kama miezi mitatu mingine. Yule dada aliacha mara mbili ilipofika 11 na mara zote ikarudi 7, na hakuna aliyewahi kumuuliza hedhi yake ikoje. Safari hii tumempiga ultrasaundi, ana uvimbe kwenye kizazi, damu yake yote ilikuwa inaishia hapo.