TIN si kibali: wageni na namba zinazochanganywa

Tangu itoke amri ya 28 Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, dawati letu la elimu kwa mlipakodi la TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hapa Mbeya halipumziki. Swali ni lile lile, na anayeuliza huwa tayari ana jibu lake: "Kama mgeni haruhusiwi kufanya biashara hii, TIN mlimpa ya nini?"

Tulimpa ili tumjue. TIN ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, basi. Mmisionari aliyeko Iringa anayetaka kusajili gari kwa jina lake anaihitaji. Mhandisi aliyeajiriwa Mafinga anaihitaji. Mgeni anayetafuta leseni ya udereva anaihitaji pia, na hakuna anayedhani kwamba TIN imemfundisha kuendesha. Kwa nini basi tudhani imemruhusu kuzunguka Rungwe akinunua parachichi shambani, au kakao kule Kyela? Ununuzi wa mazao shambani umo kwenye orodha ya zile 15, sawa na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu na ufundi wa simu. Kinachomruhusu mgeni kukaa na kufanya kazi ni vibali.

Naomba mpangilio ueleweke. Kwanza ni kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji: daraja A kwa mwekezaji au anayejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mwajiriwa huwa na kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi pia, na kimoja hakifuti kingine. Kisha ndipo aje kwetu na pasipoti na vibali vyake. Sheria inampa siku 15 tangu aanze biashara, uwekezaji au ajira awe ameomba TIN. Aje mwenyewe, kwa sababu alama za vidole hazitumwi na dereva. Na TIN hutolewa bure. Narudia, bure. Yule kijana anayesimama nje na bahasha, akikuambia "mgeni ni bei nyingine", ni kishoka.

Kitambulisho cha mgeni mkaazi ni jambo la NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa), si letu, nami sitawasemea kwa undani. Mgeni anayekaa nchini miezi sita au zaidi hujiandikisha huko, naye hupewa namba yenye tarakimu 20. TIN ina tisa. Nataja hesabu hii kwa sababu kila wiki tunaletewa fomu ambayo moja imejazwa mahali pa nyingine.

Ukanda wetu una ugumu wake. Kasumulu, mpakani na Malawi, na Tunduma, mpakani na Zambia, ni milango tu, watu ni wale wale. Mngonde wa Karonga akija Kyela anaongea na shemeji zake bila mkalimani, na Mnyamwanga ana mashamba ya ukoo huku na huku. Raia wa Malawi na wa Zambia huingia kwa matembezi bila viza, kwa hiyo wengi huona kwamba mambo yameishia hapo dirishani. Kuingia ni kuingia. Anayefungua banda la biashara hayuko matembezini, hata kama bibi yake amezikwa Ipinda.

Hapa ndipo wenyeji wanapojiponza. Mgeni anakosa namba, mwenyeji anamwazima yake: "Tumia TIN yangu, wewe ni ndugu." Nia ni njema, sikatai. Lakini mauzo yote yanayopita kwenye namba ile ni ya mwenye namba. Makadirio ya kodi yatatoka kwa jina lake, deni pia, na mgeni akisharudi kwao sisi tutagonga mlango ulioandikwa kwenye mfumo. Juu ya hayo kuna adhabu za amri yenyewe. Mgeni anayeivunja hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na hufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia: faini ya milioni 5 au miezi mitatu jela. "Sikujua" tumeisikia sana.

Waajiri nao, hasa shule binafsi na mashirika madogo. Mgeni aliyekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka ni mkaazi kwa sheria ya kodi, na siku hizo si lazima zifuatane. Hata aliyekaa pungufu huwa mkaazi iwapo ana makazi ya kudumu hapa na alikuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, au wastani wa siku zake kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia unazidi 122. Mkaazi hukatwa PAYE (kodi ya mshahara inayokatwa na mwajiri) kwa viwango vya kawaida: 270,000 za mwanzo za mwezi hazikatwi, na kinachozidi milioni moja hukatwa asilimia 30. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kulipwa kwa dola hakumtoi mtu kwenye hesabu hii. Dola hugeuzwa kuwa shilingi. Kuna mhasibu mmoja aliwahi kuniambia wageni wake "si wa TRA". Tulikaa naye saa mbili.

Makala haya ni elimu tu; kila shauri huamuliwa kwa nyaraka zake na kwa sheria ilivyo siku hiyo.

La mwisho ni kwa mgeni anayeondoka. TIN haifi kwa kuvuka Tunduma. Aliyekuwa na biashara na hakutuarifu kwa maandishi kwamba ameifunga, mfumo utaendelea kumsubiri na ritani (taarifa za kodi) zake, na adhabu ya kuchelewesha huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Apite ofisini kabla hajakata tiketi.