Jiniasi wa fizikia si mtu mwepesi wa hesabu

Mwezi uliopita nilikaa kwenye mahafali ya kidato cha nne, safu ya pili nyuma ya meza kuu. Mshereheshaji akamwita mbele kijana mmoja, akampa namba mbili za tarakimu tatu azizidishe kichwani. Kijana akafumba macho, midomo ikawa inacheza, na kabla mzazi aliyekaa karibu nami hajafungua kikokotoo cha simu, jibu lilishatoka, nalo lilikuwa sahihi. Vigelegele vikapigwa. Mshereheshaji akatangaza: "Huyu ndiye jiniasi wetu wa fizikia, Einstein wa wilaya hii!" Nilipiga makofi kwa moyo wote, maana kijana alistahili. Ila neno lile limenikaa kooni tangu siku hiyo, kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimelisikia redioni likitumiwa kwa mtu aliyepata A saba.

Maana yenyewe ni fupi. Jiniasi mkubwa wa fizikia ni mtu ambaye baada yake wanafizikia wote wanauliza maswali tofauti na waliyokuwa wakiuliza. Alikuta jambo linatazamwa kwa upande mmoja, akaliacha linatazamwa kwa upande mwingine, na hata waliombishia wakajikuta wamehamia huko. Wepesi wa kichwa unaweza kuwepo au usiwepo.

Tabu inaanzia kwenye neno. Wengi wanaamini jiniasi limetokana na jini, na nimeelezwa hivyo na watu wazima wenye elimu yao: mtu mwenye akili zisizo za kawaida ana jini. Sivyo. Jini ni neno la Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufunika na kusitiri. Jini ni kiumbe asiyeonekana. Janna ni bustani iliyositiriwa na miti. Majununi ni mtu ambaye akili yake imefunikwa. Jiniasi limetufikia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini, genius, na mzizi wake wa kale unahusu kuzaa. Mzizi huohuo ndio ulioleta jeni ambazo mtoto anarithi kwa wazazi, na jenereta inayounguruma nje ya duka umeme ukikatika, kwa kuwa kazi yake ni kuzalisha. Maneno haya mawili yalikutana Ufaransa, hadithi za Alfu Lela Ulela zilipoanza kutolewa kwa Kifaransa mwaka 1704. Kwa jini wa Kiarabu likatumika neno la Kifaransa lililotoka kwenye genius, maana sauti zilifanana na maana hazikuwa mbali. Tangu hapo wamechanganywa, na si sisi tulioanza.

Zaidi ya hapo, kwa Warumi wa kale genius hakuwa mtu. Alikuwa roho mlinzi aliyezaliwa pamoja na mwanamume, na siku ya kuzaliwa ya mwanamume huyo alitolewa sadaka ya mvinyo. Mtu alikuwa na genius, hakuwa genius. Ilipita miaka mingi sana kabla watu wa Ulaya hawajaanza kusema fulani ni jiniasi, wakimaanisha yeye mwenyewe.

Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyokipa sifa. Tuna kipaji na kipawa, na yote mawili yamekaa ndani ya kitenzi cha kupa: ni kitu ulichopewa. Tunasema "ana kipaji", hatusemi "ni kipaji". Yaweke sasa pamoja. Kipaji kinataja ulichopokea, na jiniasi, kwa mzizi wake, linataja ulichokizaa. Kijana wa mahafali amepewa, tena amepewa kwa mkono wa ukarimu. Kuzaa bado, na hana kosa lolote, ana miaka kumi na saba.

Tofauti hii wanafizikia wenyewe wameiona kwa macho. Eugene Wigner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, alimfahamu mwanahisabati John von Neumann tangu ujana wao Budapest, na baadaye alimfahamu Einstein huko Princeton, Marekani. Wepesi wa kichwa cha von Neumann ulikuwa wa kuogofya. Mtu alikuwa hajamaliza kueleza tatizo, yeye keshafika kwenye jibu. Wigner alikiri kwamba hakuwahi kuona akili yenye kasi kama hiyo. Hata hivyo aliandika kwamba uelewa wa Einstein ulizama chini zaidi.

Kuzama huko kunaonekana wazi zaidi ukimweka Einstein karibu na Hendrik Lorentz, Mholanzi aliyekuwa bingwa wa fizikia wa kizazi kilichomtangulia. Kufikia mwaka 1904 Lorentz alishakuwa na milinganyo ambayo mpaka leo tunaiita kwa jina lake. Alijua jinsi ya kupata muda kwa mtu aliye kwenye mwendo, na akauita muda wa mahali. Lakini kwake ulikuwa msaada wa hesabu tu. Muda wa kweli, aliamini, ni mmoja kwa ulimwengu wote.

Mwaka 1905 Einstein, mwenye umri wa miaka 26, mtumishi wa ofisi ya hataza, yaani ya kusajili uvumbuzi, mjini Bern, alifika kwenye milinganyo ileile. Ila yeye alianza na swali ambalo mtu mzima angeona haya kuliuliza: tukisema mambo mawili yametokea wakati mmoja, tunamaanisha nini? Ukisema treni imefika hapa saa moja (na mfano wake mwenyewe ulikuwa wa treni ya saa moja, kwa hesabu yetu ya saa), unamaanisha kwamba mshale wa saa yako kugusa alama ile na treni kufika stesheni ni mambo yaliyotokea pamoja. Hapo hakuna shida, kwa sababu saa na treni viko mbele yako. Je, jambo lililotokea mbali? Lazima habari zake zikufikie, na chombo chenye kasi kuliko vyote cha kuzileta ni nuru, nayo ina kasi ileile kwa kila mpimaji. Ukifuata hoja hiyo bila kuogopa, unakuta kwamba mtu aliye stesheni na mtu aliye ndani ya treni hawawezi kukubaliana ni mambo gani yametokea pamoja, na hakuna aliyekosea. Muda wa mahali ndio muda. Ule wa kweli, mmoja kwa wote, haupo.

Hesabu zilikuwa zilezile. Lorentz hakupungukiwa akili, na Einstein alimheshimu kama mzazi. Hata hivyo Lorentz alifariki mwaka 1928 moyo wake ukiwa bado kwenye muda ule mmoja wa zamani.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuwafariji wanafunzi kwamba Einstein alifeli hesabu. Hakufeli. Kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa ameshajisomea kalkulasi. Mtu asiyehitaji kujua kazi yake ndipo awe jiniasi sijawahi kusoma habari zake.

Aliyekaribia zaidi kuwa bila hesabu ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza, aliyeanza maisha akijalidi vitabu vya watu. Lakini mikono yake ilijua kazi. Chukua sumaku, weka karatasi juu yake, nyunyiza unga wa chuma, kisha gonga karatasi kwa kidole. Unga unajipanga kwa mistari iliyopinda kutoka ncha moja kwenda nyingine. Mchoro huo watu walikuwa wameuona kabla yake, wakaupita. Faraday alikataa kuupita. Wataalamu wa enzi zake walihesabu nguvu ya sumaku kana kwamba inaruka kutoka kitu hadi kitu, na katikati hakuna jambo. Yeye alishikilia kwamba katikati ndiko jambo liliko, kwamba nafasi yenyewe iliyoizunguka sumaku imebadilika. James Clerk Maxwell akaligeuza wazo hilo kuwa milinganyo miaka ya 1860, na ndani yake akakuta mawimbi yanayokwenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kasi ya nuru. Simu iliyochelewa kuzidisha siku ile ya mahafali inapiga na kupokea kwa mawimbi ya aina hiyo.

Na Erasto Mpemba wetu? Naulizwa kila ninapofika hapa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanzania, aliweka kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, huku wenzake wakimcheka. Osborne alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha pamoja. Simwiti Mpemba jiniasi mkubwa wa fizikia, kwa kuwa fizikia haikugeuka baada yake, na wanafizikia wangali wanabishana kuhusu alichokiona. Namheshimu kwa kitu ambacho hata Faraday alikihitaji mbele ya unga wa chuma: aliamini macho yake, akarudia kuuliza baada ya kuchekwa.

Kwa hiyo, ndugu mshereheshaji, kijana yule ni mwepesi wa hesabu, na hiyo ni sifa kamili isiyohitaji kuongezewa kitu. Mwite hivyo. Mwakani ukimpandisha mwingine jukwaani, akishamaliza kuzidisha namba zako, muulize ni jambo gani katika aliyofundishwa ambalo mpaka leo halijamwingia akilini, kisha mwachie kipaza sauti.