Kwa nini mbwa hutoa ulimi nje, na kwa nini fukuto la Pwani humshinda?

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Mbwa koko wa mtaani kwetu keshachimba shimo chini ya mwarobaini, kaondoa mchanga wa juu wenye moto, kalaza tumbo kwenye ule wa chini uliopoa. Ng'ambo ya ukuta, German Shepherd wa jirani yuko bandani: kuta za matofali, paa la mabati, mlango wa mbao uliofungwa mpaka jioni atakapotolewa kulinda. Ulimi umemtoka wote, mate mazito yanamchuruzika. Ukimwuliza mwenyewe, atakujibu: "Si yuko kivulini? Na maji anayo."

Kivuli anacho kweli. Tatizo ni hewa.

Binadamu hutoka jasho mwili mzima, na jasho linapokauka huondoka na joto. Mbwa hana neema hiyo. Jasho lake hutoka nyayoni, ndiyo maana akipata hofu mezani kwa daktari huacha alama za miguu zenye majimaji, lakini eneo lenyewe ni dogo mno kupoza mwili mzima. Anachotegemea ni kutweta.

Na kutweta si kuchoka. Mbwa aliyetulia hupumua mara chache kwa dakika, kama wewe au kuzidi kidogo. Akitweta hufika mara 300 hivi. Jaribu wewe uone kama hutapata kizunguzungu. Yeye huvuta hewa kidogo kidogo, tena kifua chake kina mdundo wake wa asili, kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, kidole kimoja kinatosha. Hewa huingia puani, hupita kwenye vifupa vyembamba vilivyojiviringisha vyenye utando wa majimaji, kisha hutokea mdomoni juu ya ulimi uliojaa damu. Ndani ya pua kuna tezi inayotiririsha maji. Mwaka 1972 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbwa anapotweta, tezi hiyo humfanyia kazi inayofanywa na tezi zetu za jasho. Maji yanakauka, damu inapoa.

Hapo sasa ndipo Pwani inapoharibu hesabu. Fua shuka uianike Dodoma, kisha fua nyingine uianike Dar siku ya fukuto. Ya Dodoma utaianua mapema; ya Dar utaigusa jioni na bado ina ubichi. Ulimi wa mbwa ndiyo shuka hiyo. Hewa ikishajaa mvuke haibebi tena maji, na mbwa anabaki kutweta bure, huku misuli inayotweta nayo ikizalisha joto lake. Ndani ya banda lililozibwa hali huwa mbaya zaidi: kila pumzi anayotoa inaongeza unyevu uleule unaomzuia kupoa, na mabati yanamwaga joto kutoka juu. Gari lililofungwa vioo ni banda hilohilo, ila linawahi. Kwa dakika kumi tu juani, joto la ndani huweza kupanda nyuzi 10 kuzidi la nje.

Mbwa wenye pua bapa, kama bulldog na pug, huzidiwa mapema kuliko wengine. Pua fupi ina nafasi ndogo ya kukaushia maji. Sioni kwa nini mtu wa Tanga au Mombasa ajitafutie balaa hilo, lakini wapo wanaowapenda.

Maji nayo yana namna yake. Sufuria iliyowekwa alfajiri, saa nane imekuwa chai. Waislamu tunaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Sisi wenye bomba uani hatuna udhuru wa kutobadilisha maji mchana.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likivuka 41, viungo vya ndani huanza kuumia. Dalili huonekana kabla: ute mzito, ufizi mwekundu kupita kiasi, kutapika, kupepesuka kama mlevi. Ukimkuta hivyo, usimlazimishe kunywa, atapaliwa. Mpeleke penye upepo, mmwagie maji mwili mzima, tumboni na mapajani yapate ya kutosha, na mmpepee huku mkiendelea kumwagia. Taulo lililoloweshwa msimfunike nalo likakaa. Hupata moto na kuzuia hewa. Kisha kwa daktari wa mifugo, hata kama amesimama na kutikisa mkia, kwa sababu figo na ini huweza kufeli baadaye.

Jirani yangu alikuja kubomoa safu mbili za matofali akaweka yale ya matundu, mlango wa mbao akaubadili kwa wa nondo, na juu ya mabati akatandika makuti. Gharama haikufika ya kumtibu mbwa mara moja. Siku banda lilipokamilika alimfungulia mchana ili alione. Mbwa alilinusa, akalipita, akaenda chini ya mwembe kuchimba shimo.