Kupumzisha jeraha: maana yake kwa mkwea miamba aliyevuka miaka arobaini

Mtu mzima akiumia kidole pale Lukenya au Hell's Gate, kwenye miamba ya kukwea ya Kenya, ushauri humfikia kabla hata hajafungua kamba kiunoni: "Mzee, pumzisha hicho kidole." Anayesema ana nia njema. Anayesikia anaelewa kwamba aache kukwea, aache ubao wa mazoezi ya vidole, ikiwezekana aache hata kubeba ndoo, mpaka maumivu yaishe. Miezi mitatu inapita na maumivu yanaisha kweli. Anarudi mwambani akiwa na furaha, na haichukui muda kidole kilekile kinalalamika tena, safari hii kimeandamana na kiwiko. Wenzake wanatikisa kichwa na kusema ni umri. Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi mno, na kila mara umri unabebeshwa kosa lisilo lake.

Maana yenyewe ni fupi. Kupumzisha jeraha ni kulipunguzia mzigo hadi kiwango linachokimudu leo, kisha kuupandisha mzigo huo taratibu kadiri linavyopona. Mzigo ni nguvu inayoivuta sehemu iliyoumia, inaivuta mara ngapi, kwa muda gani, kwa ghafla au polepole, na sehemu hiyo inapata nafasi gani ya kujitengeneza kabla ya kuvutwa tena. Uzito wa mwili ni kipande kimoja tu cha hesabu hiyo. Mkweaji wa kilo 60 anayening'inia kwenye ukingo mwembamba kwa vidole vilivyokunjwa anakibebesha kidole chake mzigo mkubwa kuliko mwenzake wa kilo 80 anayepanda mwamba uliolala, uzito wote ukiwa miguuni.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi, yaani kuchanganya kupumzisha na kuacha.

Mchanganyiko huu una historia. Mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni ya hatua nne kwa aliyeumia michezoni: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua kiungo. Kanuni hiyo ni rahisi kukariri, ikaingia kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza duniani kote, na huku kwetu walimu wa michezo wameifundisha kizazi baada ya kizazi. Ilifaa kwa saa za mwanzo, wakati kifundo kimevimba na hujui kama mfupa umevunjika. Tatizo ni kwamba hatua ya kwanza ilitoka kwenye saa za mwanzo ikageuzwa kuwa tiba ya miezi. Mirkin mwenyewe, zaidi ya miaka 30 baadaye, aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa kunaweza kuchelewesha kupona. Kanuni ilisambaa kote, lakini masahihisho yake hayakufika mbali.

Kwa mkwea miamba jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kinachoumia zaidi ni vidole, na vidole havina misuli ndani yake. Misuli inayovikunja iko kwenye kigasha, na nguvu yake hufika kidoleni kupitia kano ndefu. Kila ukano umeshikiliwa kwenye mfupa na vikanda vidogo, kama uzi wa fimbo ya kuvulia unavyopita kwenye vipete vyake. Kikanda kinachoumia sana kwa wakweaji kipo karibu na shina la kidole, nacho madaktari hukiita A2. Ukishika ukingo mwembamba huku kiungo cha katikati kimekunjwa sana, kikanda hicho hubeba nguvu ya kiasi cha mara tatu ya ile inayogusa mwamba kwenye ncha ya kidole. Ukishika kwa kidole kilichonyooka zaidi, mzigo wake hupungua sana. Yaani kidole kilekile, mwamba uleule, mtu yuleyule, mzigo tofauti kabisa. Anayejua hilo ana njia nyingi za kupumzisha A2 bila kukaa nyumbani.

Na ukano haufanani na msuli. Msuli una damu ya kutosha, ukiuacha unasinyaa haraka, ukiurudia unajaa haraka. Ukano una damu kidogo na mambo yake ni ya polepole. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia njia ya ajabu kulichunguza hili. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha kaboni ya mionzi hewani, ikaingia kwenye miili ya watu wote waliokuwa hai. Walipoipima ndani ya ukano wa kisigino cha watu wazima, walikuta kwamba nyuzi za kiini chake zilijengwa mpaka kama umri wa miaka 17, na baada ya hapo hazibadilishwi upya kwa kiasi cha maana. Mkweaji wa miaka 55 anatembea na kiini cha ukano alichokuwa nacho akiwa kidato cha nne.

Mtu anaweza kulisikia hilo akakata tamaa. Mimi naliona kinyume. Kama kiini hakibadilishwi, basi kukaa kitandani ukisubiri kikue upya ni kusubiri basi kwenye barabara lisikopita. Kinachoweza kubadilika ni ugumu wa ukano na uwezo wake wa kubeba, na hilo huitikia jambo moja: kuvutwa. Huko Uingereza mwaka 2003 wazee wa miaka sabini na kitu walifanya mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu kwa wiki 14. Ukano wa goti lao uliongezeka ugumu kwa kiasi cha asilimia 65. Miaka sabini na kitu! Baadhi yetu tukifika arobaini na tano tunaambiwa vidole vimeisha.

Kuna kisa cha daktari Msweden, Håkan Alfredson, ambacho kila mkweaji mwenye kiwiko kibovu angepaswa kukijua. Alikuwa na ukano wa kisigino ulioumia kwa muda mrefu na hakupata wa kumfanyia upasuaji. Akaamua kuubebesha mzigo mpaka ukatike, madaktari wapate sababu ya kumpasua. Haukukatika, ulipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wagonjwa 15, umri wao wa wastani ukiwa kama miaka 44, waliofanya zoezi hilo la kushusha kisigino polepole, mizunguko mitatu ya mara 15, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Tangu hapo wataalamu wa viungo duniani wanatibu kano zilizochoka kwa mzigo uliopimwa, visigino na viwiko vilevile. Simwambii mtu aende akavunje kidole chake makusudi. Nasema kwamba mzigo, ukipimwa, ni dawa.

Turudi kwa yule mzee aliyekaa miezi mitatu. Aliacha kila kitu. Maumivu yaliisha kwa sababu hakuna kilichomvuta. Wakati huo msuli wa kigasha umesinyaa na ukano umelegea. Anaporudi, msuli unapata nguvu katika wiki chache na kumdanganya kwamba yuko tayari, kumbe ukano unahitaji miezi. Anavuta kwa nguvu za msuli mpya kupitia ukano ambao haujajiandaa, na sehemu dhaifu ndiyo inayolipa. Kijana wa miaka 20 angefanya vivyo hivyo, angeumia vivyo hivyo, na hakuna ambaye angemtajia umri.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu gharama ya kuacha, sikiliza la Dallas. Mwaka 1966 vijana 5 wa Kimarekani wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo, wakapimwa uwezo wa moyo na mapafu. Miaka 30 baadaye walipimwa tena, sasa ni watu wa miaka 50, wameongezeka uzito. Ilionekana kwamba zile wiki tatu kitandani zilikuwa zimewashusha zaidi ya ile miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita, na uwezo ambao umri uliwapokonya ukarudi. Hao ni wanaume watano tu, na kilichopimwa ni moyo na mapafu, si vidole. Ila mtu akikuambia umri ndio adui na kulala ndiyo tiba, mkumbushe wale vijana.

Haki ya umri nitaipa pia. Tunapozeeka misuli hupungua, viungo vya vidole huvimba na kukakamaa asubuhi, bega lisilosogezwa hugoma, na kujirekebisha baada ya kazi nzito huchukua muda zaidi. Baada ya mazoezi, ukano kwa saa kama 24 hadi 36 za mwanzo hubomoa zaidi ya unavyojenga, na ujenzi huja kuzidi baadaye, kati ya saa 36 na 72. Ukivuta kwa nguvu tena kesho yake, unaukatiza kabla haujamaliza. Mkweaji wa miaka 50 anayekaa siku mbili au tatu kati ya siku nzito na siku nzito anafanya sawasawa. Hilo nalo ni pumziko, na ni la lazima. Ni pumziko lililo ndani ya mazoezi, lina mwanzo na mwisho unaojulikana, na linafuatwa na kazi. Ninalolipinga ni lile lisilo na tarehe.

Na yapo majeraha ambayo kweli yanataka kusimama. Mfupa uliovunjika ni mmoja. Kwa vikanda vya vidole, Volker Schöffl na wenzake huko Ujerumani walipanga madaraja manne mwaka 2003: la kwanza kikanda kimevutika bila kukatika, la nne vikanda kadhaa vimekatika pamoja, na hapo mara nyingi ni upasuaji. Ukisikia mlio wa "pa!" kidoleni ukiwa mwambani, kikavimba na ukashindwa kukikunja, teremka, nenda ukapigwe picha ya altrasaundi. Picha hiyo huonyesha umbali kati ya ukano na mfupa wakati wa kushika, na umbali huo ndio unaomwambia daktari kama kikanda bado kipo. Wengine huvalishwa pete ngumu ya kinga kwa wiki kadhaa. Lakini hata mwenye pete ana miguu, ana mgongo, ana mabega, na ana mkono wa pili. Kidole kimoja kimesimama, mtu hajasimama.

Kwa jeraha la daraja la kwanza, ambalo ndilo jepesi zaidi, kupumzisha huonekana hivi. Siku chache za mwanzo, kukunja na kukunjua kidole bila kukilazimisha. Kisha vishikio vikubwa tu, kidole kikiwa kimenyooka, kwenye mwamba uliolala. Lukenya ina sehemu ambazo miguu hufanya karibu kazi yote. Hell's Gate ina nyufa pana unazoingiza kiganja kizima na kukikaza ndani, na A2 haihisi kitu. Nyumbani, vidole juu ya ubao, miguu ikibaki sakafuni, unavuta polepole kwa nguvu ndogo, unashikilia sekunde kadhaa, unaachia. Wiki kwa wiki miguu inabeba pungufu kidogo, au zaidi kidogo, kulingana na kidole kinavyojibu. Na kabla ya siku yoyote nzito, mishiko rahisi kama 100, kwa sababu vikanda hivi hulainika kwa kutumika.

Kipimo cha jibu ni asubuhi. Katika tiba ya ukano wa kisigino Waswidi wamezoea kuruhusu maumivu hadi 5 kati ya 10 wakati wa zoezi, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi. Kwa vidole mimi huwaambia watu wasivuke 2 au 3. Amka, bana shina la kidole kwa gumba na kidole cha mkono mwingine, kunja ngumi. Ikiwa hali ni ileile ya jana au nafuu, mzigo wa jana ulikuwa sawa. Ikiwa imezidi, leo punguza. Kupunguza, narudia, hakumaanishi kufuta.

Marcel Rémy, Mswisi, alipanda ukuta wa Miroir d'Argentine mwaka 2017 akiwa na miaka 94. Simtaji ili kila mzee ajilinganishe naye. Kuna bahati ya mwili ambayo hainunuliwi. Namtaja kwa sababu hakuifikia siku hiyo kwa kukaa akisubiri maumivu yote yaishe.

Kwa hiyo mwenzako akiumia, neno "pumzisha" mwambie tu, ni zuri, ila usiliache peke yake. Sema ni kipi apumzishe, kiasi gani, na afanye nini badala yake: "Mzee, kidole hicho kipumzishe kwenye kingo nyembamba wiki hizi. Jumamosi tupande ule mwamba uliolala, nitakushikia kamba, na Jumapili asubuhi unipigie unieleze kimeamkaje."