Je, wajua kwa nini sahani ya paka mmoja inaweza kumrudishia mwenzake ugonjwa wa mkojo?

Nyumba ina paka watatu. Dume mmoja ameanza kuingia kwenye sanduku la mchanga kila mara, anachuchumaa, analia, anatoa matone mawili yenye damu. Daktari wa mifugo anapima mkojo, anakuta fuwele za struviti, anaagiza chakula maalumu. Wiki kadhaa zinapita na fuwele bado zipo. Mara nyingi chakula hakina kosa. Dume amekuwa akimalizia sahani za wenzake.

Struviti hutokana na magnesiamu, amonia na fosfeti, na huganda pale mkojo unapokuwa mzito na usio na asidi ya kutosha. Chakula cha daktari kina magnesiamu na fosforasi chache, na huufanya mkojo uwe na asidi zaidi. Baadhi huongezwa chumvi ili paka anywe maji. Mkojo wa namna hiyo huyeyusha hata mawe ya struviti bila upasuaji, lakini sharti ubaki hivyo siku zote. Punje za chakula cha kawaida anazodokoa kila jioni huuvuruga. Dagaa wakavu tunaowarushia kwa mapenzi nao ni vivyo hivyo, maana huliwa na mifupa, na mifupa ina madini mengi.

Maji yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, aliyezoea ukame. Figo zake hubana maji sana na kiu yake ni ndogo, kwa kuwa panya anayemla ni maji kwa takriban asilimia 70. Punje kavu zina asilimia 10 hivi tu, chakula cha kopo hufikia 75 au zaidi. Kama mfuko unaruhusu, mimi ningechagua kopo.

Basi kwa nini wote wasile chakula cha mgonjwa? Paka wazima wenye afya wengi wanaweza, daktari akikubali. Watoto wanaokua, wenye mimba na wanaonyonyesha hakiwafai. Hatari zaidi ni kwa mzee mwenye ugonjwa wa figo. Mwili wake tayari unashindwa kutoa asidi, na chakula hiki kinamwongezea. Hapo sahani moja kwa wote haiwezekani kabisa.

Kinachosaidia ni kuacha desturi ya bakuli kujaa kutwa. Wape milo miwili au mitatu, kila mmoja chumba chake, mlango ufungwe dakika 20, kisha sahani zote ziondolewe, hata yenye mabaki. Chumba kikiwa kimoja na mgonjwa ni mnene, toboa boksi tundu ambalo mwembamba tu anapenya, chakula chake kiwe humo. Badilisha chakula polepole, kwa siku 7 hadi 10. Paka asipokula kabisa kwa siku moja au mbili, mpigie daktari, kwa sababu njaa huweza kuharibu ini lake.

Chakula pia si kila kitu. Paka wanaogombana wanaweza kuvimba kibofu hata bila fuwele. Watatu wanahitaji masanduku manne ya mchanga, na maji sehemu mbalimbali, ili mbabe asiwazuie wengine.

Dume akichuchumaa na hakitoki hata tone, hilo halingoji asubuhi. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba. Ukiziba, potasiamu hupanda katika damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili.

Usinunue chakula hiki kwa kubahatisha, kwa sababu mawe ya oksaleti, aina nyingine ya mawe ya mkojo, hayayeyuki kwa chakula chochote. Na unapompeleka mgonjwa kupimwa tena, mtajie daktari kila kinachoingia katika sahani za wale wengine wawili, dagaa wakiwemo.