Fidia ya asbesto kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Aliyefanya kazi kwenye chumba cha boila cha manowari ya Marekani miaka ya 1970 anaweza kuambiwa leo kwamba ana mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Nyuzi za asbesto, madini yaliyotumika kuzuia joto melini, alizivuta akiwa kijana asiye na habari, na ugonjwa kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Muda wote huo maneno huwa yanazunguka kuhusu nani analipwa na nani halipwi. Mengi yake si kweli, na yapo yanayowafanya wagonjwa wasidai kabisa.

"Kudai fidia ni kulishtaki jeshi"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wengi, kwa sababu inagusa moyo kabla ya kugusa sheria. Mzee aliyeitumikia bendera kwa miaka hataki kuonekana amewageuka wenzake. Ukweli ni kwamba hata angetaka kulishtaki jeshi, asingeweza. Mwaka 1950, katika shauri la Feres dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yaliyotokana na utumishi wake. Uamuzi huo unasimama mpaka leo.

Wanaoshtakiwa ni wengine kabisa. Boila, pampu, vali, gasketi na vifuniko vya mabomba ya mvuke vilinunuliwa kutoka kampuni binafsi, na zimo zilizoijua hatari ya asbesto zikanyamaza. Kwa miaka mingi baadhi ya watengenezaji walijitetea kwamba wao waliuza chuma kitupu, asbesto ikawekwa baadaye na mtu mwingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ililijibu hilo katika shauri la Air & Liquid Systems dhidi ya DeVries, lililohusu mabaharia wawili wa zamani. Ilisema kwamba chini ya sheria ya bahari, mtengenezaji anaweza kuwajibika kutoa onyo ikiwa kifaa chake kilihitaji sehemu yenye asbesto ili kifanye kazi, naye alijua au alipaswa kujua hatari yake, na hakuwa na sababu ya kuamini kwamba watumiaji wangeitambua wenyewe.

Dai la VA, yaani wizara inayoshughulikia wanajeshi wastaafu, si kesi hata kidogo. VA haitafuti mwenye kosa. Inataka kuona kwamba una ugonjwa uliothibitishwa, kwamba ulikutana na asbesto ukiwa jeshini, na kwamba daktari ameunganisha mambo hayo mawili. Aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha kwa kawaida hapati, lakini hilo ni suala la cheti chake cha kuachia jeshi, halihusiani na asbesto.

"Mesotelioma hukubaliwa yenyewe, huhitaji ushahidi"

Hapa watu huchanganya taratibu mbili. Sheria ya PACT ya mwaka 2022 iliwaondolea wengi mzigo wa kuthibitisha chanzo cha ugonjwa, hasa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan. Asbesto haikuingizwa katika utaratibu huo. Anayesema aliipata melini lazima aonyeshe.

Kuonyesha si kugumu kama inavyodhaniwa. VA yenyewe ina orodha ya kazi za kijeshi, na kila kazi imepewa kiwango cha uwezekano wa kukutana na asbesto; mafundi wa boila na mabomba wana nafasi nzuri kuliko karani wa ofisini. Rekodi za utumishi, jina la meli, na maelezo ya mabaharia mliotumikia pamoja husaidia. Barua ya daktari nayo haitakiwi kuapa kwamba ndivyo ilivyo; inatosha akisema, kwa sababu za kitabibu, kwamba uwezekano haupungui nusu kwa nusu.

Wako pia wanaokata tamaa kwa kusikia kwamba rekodi ziliteketea. Moto wa mwaka 1973 kwenye hifadhi ya rekodi za wanajeshi huko St. Louis ulikuwa wa kweli, na uliharibu mamilioni ya mafaili, ila yalikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu na la Anga. Baharia hana haja ya kuulilia.

"Ukilipwa na kampuni, VA itakukata"

Haikati. Fidia ya ulemavu ya VA haiangalii kipato, wala haitozwi kodi ya mapato. Kinachoangalia kipato ni pensheni ya VA, ile ya wastaafu wenye uwezo mdogo, na mtu anayeipokea afikirie kwanza kabla ya kupokea donge la fedha kutoka kwingine. Watu huyachanganya haya mawili, ndiyo maana uvumi huu haufi.

"Kampuni ilifilisika, hakuna wa kulipa"

Johns-Manville iliomba kufilisiwa mwaka 1982, ikiwa imezidiwa na kesi za asbesto. Kilichofuata ni mfuko maalumu wa kuwalipa wagonjwa, na kampuni nyingine nyingi zikapita njia hiyo hiyo. Kufikia mwaka 2011, wakaguzi wa Bunge la Marekani walihesabu mifuko 60 yenye jumla ya takriban dola bilioni 37. Mgonjwa anaweza kudai kwa zaidi ya mmoja, kwa kuwa meli moja ilikuwa na bidhaa za kampuni nyingi, na hahitaji kufika mahakamani. Asitegemee makubwa kutoka kwa kila mfuko, lakini. Mingi hulipa sehemu tu ya thamani ya dai. Wa Manville kwa miaka mingi umelipa chini ya asilimia 10.

"VA hulipa vijisenti"

Mesotelioma na saratani ya mapafu zikiwa bado zinaendelea hupewa kiwango cha asilimia 100. Kwa mwaka 2025, hiyo ilikuwa dola 3,831.30 kwa mwezi kwa asiye na wategemezi. Asbestosisi, yaani makovu ya mapafu, hupimwa kwa pumzi: uwezo wa mapafu ukiwa asilimia 75 hadi 80 ya unaotarajiwa, kiwango ni asilimia 10, ukishuka chini ya 50, ni 100. Mabaka kwenye utando wa mapafu yasiyo na dalili mara nyingi hupewa sifuri. Mimi ningedai hata hiyo sifuri, maana inaacha maandishi kwamba VA imekubali chanzo kilikuwa jeshini.

Sigara je? Haisababishi mesotelioma. Kwa saratani ya mapafu, asbesto na sigara huchocheana, na kuvuta peke yake hakulifuti dai.

"Bila wakili huanzi, na muda umeshapita"

Vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV, VFW na American Legion huwasaidia kuandaa dai la VA bure, na sheria hairuhusu kutozwa ada kwa dai la mara ya kwanza. Wakili anahitajika kwa kesi dhidi ya kampuni, na huyo kwa kawaida huchukua asilimia ya kinachopatikana.

VA haina ukomo wa muda. Mahakama zinao, kila jimbo na wake; New York ni miaka 3, na kwa kawaida huhesabiwa tangu ugonjwa ulipogunduliwa, si tangu siku za melini.

Na mgonjwa akifariki? Mjane anaweza kuomba malipo ya kila mwezi yanayoitwa DIC, ambayo mwaka 2025 yalianzia dola 1,653.07. Akiomba ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo huhesabiwa kurudi nyuma hadi mwezi wa kifo. Mke aliyeugua yeye mwenyewe kwa kufua sare zilizojaa vumbi halipwi na VA kwa ugonjwa huo, lakini anaweza kudai kwa kampuni na kwa mifuko.