Kusoma tahadhari ya kimbunga, na kuiandaa nyumba ya pwani mapema

Taarifa za hali mbaya ya hewa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huzunguka kwenye makundi ya simu zikiwa picha ya ramani yenye rangi, na wengi huishia kwenye rangi. Ikiwa njano, si kitu. Ikiwa nyekundu, mbio. Lakini sehemu yenye faida zaidi ni yale maneno yaliyo chini ya ramani: kiwango cha uwezekano wa kutokea, kiwango cha athari zinazoweza kutokea, na athari zenyewe zikitajwa moja moja.

Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hupatikana kwa kupima mambo mawili kwa pamoja, uwezekano na athari. Ndiyo maana njano ya leo na njano ya wiki ijayo zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja inaweza kumaanisha mvua ya karibu hakika itakayojaza madimbwi barabarani, na nyingine jambo zito ambalo kwa sasa uwezekano wake ni mdogo. Ya kwanza inakutaka ubebe mwavuli. Ya pili inakutaka ukague paa leo, maana ikibadilika kuwa ya chungwa kesho kutwa, fundi hatapatikana.

Maneno yenyewe yana vipimo. "Mvua kubwa" ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. "Upepo mkali" ni ule unaofikia kilomita 40 kwa saa au kuzidi, na "mawimbi makubwa" huanzia mita 2. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 10 kwa 8 likipata milimita 50 limemwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20, kwenye uwanja wako au wa jirani. Kabla ya msimu, tembea ukaone maji hayo yatapita wapi. Mfereji ulioziba kwa mchanga na chupa za plastiki hauwezi kubeba hata robo yake.

Kimbunga chenyewe

Pwani yetu haipigwi na vimbunga mara kwa mara, na sababu ni ya kijiografia. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, na huhitaji pia nguvu ya mzunguko wa dunia ili upepo ujikunje kuzunguka kitovu. Joto tunalo. Ile nguvu ya mzunguko ndiyo hupungua kadiri unavyokaribia ikweta, hivi kwamba chini ya latitudo 5 hivi vimbunga ni nadra mno. Tanga iko ukingoni mwa mstari huo. Lindi na Mtwara, zilizo karibu na latitudo 10 kusini, hazina kinga hiyo.

Nadra si kamwe. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha minazi na mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita Komoro na kuingia kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mpaka wetu. Jobo cha Aprili 2021 kilidhoofika kabla ya kufika pwani, na Mei 2024 Hidaya kilifika eneo la Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Hata hivyo mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga. Neno "kimedhoofika" lina maana ya upepo. Mawingu yanaweza kuendelea kumwaga maji siku nzima baada ya upepo kutulia, na ni maji ndiyo huua zaidi.

Dhoruba katika ukanda wetu wa bahari hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili kuanzia 118. Nguvu ya upepo haikui sambamba na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 120 husukuma ukuta kwa nguvu mara tisa ya ule wa 40 tuliouzoea wakati wa kusi.

Jambo ambalo hata wavuvi wazoefu hulikosea ni upande. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, walio kaskazini mwa kitovu hupigwa na upepo unaotoka bara kwenda baharini, nao unaweza hata kuyasukuma maji yakajitenga na ufuko. Walio kusini mwa kitovu hupata upepo unaotoka baharini, unaorundika maji pwani. Kitovu kikilenga Mafia, Kilwa ndiyo yenye kuhofia bahari zaidi, na kutoka Kilindoni hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 110 tu. Siku tatu kabla, utabiri wa njia ya kitovu unaweza kukosea kwa zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo usiangalie kile kimstari cha katikati ya ramani ukajitoa hatarini kwa sababu hakikupita kwenu. Tazama eneo lote lililopakwa rangi.

Halafu fungua jedwali la maji kujaa na kupwa. Maji yaliyorundikwa na upepo hukaa juu ya maji ya kawaida. Yakikutana na bamvua, yaani kujaa kukubwa mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hufika mahali ambapo maji mafu, yale ya kujaa kudogo, yasingefika. Hidaya kilikuja siku chache tu baada ya mwezi kufikia robo ya mwisho, bahari ikiwa karibu na maji mafu. Kimbunga hicho hicho kikija siku nne au tano baadaye kingekuta kina kingine kabisa. Ukivuta ngalawa au mashua nchi kavu, alama yako isiwe mstari wa takataka za jana. Pandisha juu ya alama ya bamvua kubwa, ng'oa mashine, na ufunge chombo kwenye kitu chenye mizizi au msingi.

Kimbunga cha mbali nacho kina tabia yake. Kikikaa kwenye Mlango Bahari wa Msumbiji kinaweza kuvuta unyevu wote kuelekea kwake, nasi tukabaki na jua kali katikati ya masika. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2019 wakati wa kimbunga Idai. Mkulima aliyeona wingu la kwanza akapanda, mbegu zikaungua.

Unachoweza kupima mwenyewe

Programu ya hali ya hewa kwenye simu mara nyingi husoma modeli, yaani hesabu za kompyuta za dunia nzima, zinazoigawa ramani katika vyumba vya kilomita 9 hadi 25. Wingu la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita 5. Modeli hailioni, inachoona ni kwamba mazingira ya eneo hilo yanaruhusu mawingu ya namna hiyo. "Mvua asilimia 60 saa 9 alasiri" si miadi.

Simu nyingine zina kipima mgandamizo wa hewa, na hapa kuna mtego. Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku: juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kwa tofauti ya hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 3 hivi. Mtu akitazama adhuhuri hadi jioni ataona unashuka na kudhani kimbunga kinakuja, kumbe ni siku ya kawaida. Linganisha saa ileile ya leo na ya jana, ukiwa mahali palepale, kwa sababu kupanda mita 8 tu hupunguza hektopaskali moja. Ukikuta umeshuka hektopaskali 3 au zaidi kwa siku moja hapa pwani, tafuta taarifa mpya ya TMA kabla hujafanya lingine.

Kipimo cha mvua hakigharimu kitu. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, igeuze na uiweke mdomoni mwa chupa iwe kama faneli. Kitako cha chupa hakiko bapa, kwa hiyo tia kokoto na maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri. Gundisha rula. Mdomo uwe angalau sentimita 30 kutoka ardhini ili matone yanayoruka yasiingie, na umbali wake na mti au ukuta uwe mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha urudishe maji kwenye sifuri. Baada ya msimu mmoja utajua mtaro wenu hufurika kwa milimita ngapi, na hilo hakuna mtabiri wa mkoa awezaye kukuambia. Utaona pia kwamba ardhi iliyokwisha kulowa hufurika kwa mvua ndogo kuliko ile.

Paa

Watu hudhani upepo husukuma paa. Mara nyingi huling'oa kwa kulivuta juu, kama ndege anavyoinuliwa na bawa lake, na mvutano mkubwa uko kwenye kingo, pembe na kigongo, yaani kilele cha paa. Upenu mrefu wa baraza huongeza tatizo kwa kuupokea upepo kutoka chini. Bati la kwanza kung'oka huwa la ukingoni. Likishaondoka, upepo huingia ndani na kuyasukuma mengine.

Anzia hapo basi. Kwenye papi (mbao zinazobeba bati) za ukingoni na za kigongo, bati lishikwe kila mgongo, yaani kila tuta la bati. Katikati ya paa, mgongo mmoja na kuruka mmoja. Msumari upite mgongoni, kamwe si bondeni maji yanakopita. Skrubu yenye washa ya mpira hushika kuliko msumari laini, ambao jua na baridi ya miaka huulegeza. Ukiona duara la kutu kuzunguka kichwa cha msumari, au kichwa kimenyanyuka kiasi cha kupitisha ukucha, umekwisha kazi. Usiupigilie tena kwenye tundu lilelile, halishiki. Hamisha kidogo uweke skrubu, na tundu la zamani lizibe.

Bati likishika papi vizuri lakini kenchi (fremu ya mbao ya paa) haikufungwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), paa lote huondoka likiwa zima. Nyumba inapojengwa, nondo ziachwe zikichomoza kwenye lenta zikunjwe juu ya mbao. Kwa nyumba iliyokwisha, chuma bapa kinachozunguka kenchi na kufungwa kwa bolti kwenye lenta kinafaa. Waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara kadhaa ni dhaifu zaidi, ila ni bora kuliko msumari peke yake. Mawe juu ya bati hayasaidii: upepo ukiweza kuinua bati, mawe hayo yatashukia watu.

Siku yenyewe, funga milango na madirisha yote. Ushauri wa kuacha dirisha moja wazi "ili upepo upite" ni wa hatari, maana ndio unaoruhusu paa lisukumwe kutoka ndani. Kata mapema matawi makavu ya mwembe na uangue nazi zilizo juu ya nyumba. Ukisikia ghafla kimya na mbingu kufunguka kidogo katikati ya upepo mkali, usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Radi haihitaji kimbunga. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Chini ya sekunde 30 ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, na subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Banda la makuti, chini ya mti na majini si mahali pa kujificha.

Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 humwangusha mtu mzima, na sentimita 30 hubeba gari dogo. Nguzo au waya wa umeme ukianguka kwenye maji, kaa mbali na maji yenyewe pia. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Weka akiba ya lita 4 za maji safi kwa kila mtu kwa siku, za siku tatu, kwa sababu baada ya mafuriko kisima kilichoingiwa na maji ya choo hakinyweki. Huna akiba, chemsha, au tumia dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, au chini kidogo ya nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kisha kipimo kiwe mara mbili. Koroga, subiri dakika 30, unusa. Kama hakuna hata harufu kidogo ya klorini, rudia kipimo hicho na usubiri dakika 15 nyingine kabla ya kunywa.